Mama Anwani, Aliyefundisha Jinsi Kompyuta Inavyokumbuka

Mliosoma kwake mtataka kwanza tarehe na mahali, na yeye mwenyewe angetaka hivyo hivyo, kwa hiyo tuanzie hapo. Shangazi yetu, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1959 katika nyumba ya kupanga nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yake alikuwa fundi rangi na mama yake mpishi wa shule ya bweni. Mtoto wa pili ni baba yangu mzazi, aliyekaa hapa mstari wa mbele. Ndiye aliyeniomba niandike maneno haya na kuyasoma, kwa sababu miwani yake haimtoshi leo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966. Alirudia darasa la pili, na jambo hilo halikufichwa. Mwalimu wake aliandika kwamba mtoto ni mzito, hajibu haraka. Babu alikwenda shuleni kuuliza kama majibu yake ni mabaya, akaambiwa hapana, ni sahihi ila yanachelewa. Babu akasema, "Basi msubirini." Hawakumsubiri, akarudia. Miaka mingi baadaye, wanafunzi wa chuo walipomjia machozi yakiwalengalenga kwa kuanguka mtihani, aliwaambia kwamba yeye alianguka darasa la pili, tena akiwa na adabu zake zote. Alimaliza sekondari mwaka 1979 akiwa wa kwanza katika hesabu, bado hana haraka.

Mwaka huo huo aliajiriwa katika ofisi ya takwimu kama mtoboa kadi. Wakati ule taarifa ziliingizwa kwenye kompyuta kwa kadi ngumu zenye matundu. Mashine yenyewe ilijaza chumba kizima, na chumba hicho peke yake ndicho kilichokuwa na kiyoyozi katika jengo lote. Kwa sababu hiyo wakubwa wa ofisi walikuwa na bidii ya ajabu ya kuja kuikagua kila ifikapo saa nane mchana. Shangazi alitoboa kadi kwa wiki chache, kisha akamwuliza fundi wa mashine, "Hizi namba nikishaziingiza, zinakwenda kukaa wapi?"

Fundi akajibu, "Humo ndani."

"Humo ndani wapi?"

Fundi yule, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alichana ubavu wa boksi, akachora vyumba vidogo vidogo vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja na namba yake. Akamwambia kwamba mashine haijui jina la mtu wala maana ya kitu, inajua namba ya chumba na kilichomo tu. Shangazi aliomba lile boksi akaenda nalo nyumbani. Baba anasema alilala likiwa uvunguni mwa kitanda chake hadi panya walipolimaliza.

Alijiunga na chuo kikuu mwaka 1980, akahitimu shahada ya hesabu mwaka 1983, akarudi ofisi ya takwimu, safari hii upande wa kuandika programu. Mwaka 1987 alikwenda ng'ambo kwa masomo ya uzamili, akarejea mwaka 1989 na kuajiriwa kuwa mhadhiri. Mwaka 1992 alianzisha somo la Mifumo ya Chini ya Kompyuta na Kumbukumbu, akalifundisha kwa miaka thelathini. Kwa wageni wa kazi hiyo, niseme tu kwamba lilikuwa somo la yale yanayotokea chini kabisa ndani ya mashine: programu inaombaje nafasi ya kuweka vitu, inaitumiaje, na kubwa kuliko yote, inairudishaje ikishamaliza. Wanafunzi waliliita "Chini kwa Chini". Maabara yake nayo ilikuwa chini, ghorofa iliyozama nusu ardhini, na madirisha yake yalionyesha viatu vya wapita njia. Alidai kwamba anamjua kila mwalimu wa kitivo kwa soli yake.

Jina la Mama Anwani alipewa na darasa la kwanza kabisa. Mwanafunzi akisema, "Thamani yake iko pale," yeye huuliza, "Pale wapi? Nipe anwani." Hasira hakuwa nayo. Alisubiri tu, na kusubiri kwake ndiko kulikokuwa adhabu. Nyumbani mambo yalikuwa hayo hayo. Ukimwuliza viatu vyako viko wapi, anakujibu, "Baraza la nyuma, ngazi ya pili, upande wa ndoo," na ukienda unavikuta.

Kwenye mapokezi ya idara kulikuwa na kabati la visanduku vya barua za walimu, kila kisanduku na namba. Alilitumia kufundishia. Aliweka vikaratasi ndani, kila kimoja kikiwa na namba ya kisanduku kingine, na wanafunzi wakafuata kutoka namba hadi namba kama watu wanaotafuta ofisi ya serikali. Siku moja kisanduku kimoja kilikuwa kimerudishwa kwa idara na kugawiwa kwa mhasibu mpya, lakini mwanafunzi mmoja alikuwa bado anashikilia namba ya zamani. Alifungua, akakuta mkate wenye mayai, akaamini ni zawadi ya aliyefuata njia vizuri, akaula. Mhasibu alifika kwa mkuu wa idara akiwa amefura. Shangazi alimlipa mkate wake na kumwomba radhi, kisha akarudi darasani akasema, "Sasa mmeona. Ukitumia anwani uliyokwisha kuirudisha, unakula chakula cha watu." Mwanafunzi yule yupo hapa leo. Ndiye anayefundisha somo hilo sasa, na ameniruhusu kulisimulia.

Alifunga ndoa tarehe 23 Agosti 1986 na mfamasia wa hospitali ya mjini. Mfamasia alitangaza nia yake mapema mwaka uliotangulia, akaambiwa, "Nipe muda." Akampa. Miezi ikapita, mfamasia akaendelea kumsalimia kama kawaida, akimuuzia dawa ya kikohozi bila kugusia jambo lile hata mara moja. Baba yangu, aliyekuwa akitumwa huku na huku, alichoka kuliko wao. Hatimaye Shangazi alimpa neno la kupeleka, nalo lilikuwa "Sawa". Mfamasia akauliza, "Sawa gani? Ya ndoa au ya kikohozi?" Ilikuwa ya ndoa. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume tarehe 11 Februari 1990 na wa kike mwaka 1994. Mimi niliongezwa wa tatu mama yangu alipofariki, nikiwa darasa la tano. Hakuna siku niliyohesabiwa kama wa kuongezwa.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu nusu. Kijana wake ameomba lisomwe lote.

Kijana alijiunga na chuo hicho hicho mwaka 2009, kitivo cha mama yake. Lilipofika somo la kumbukumbu, Shangazi aliiandikia idara akiomba mtu mwingine amsahihishie. Idara ikajibu kwamba hakuna mwingine anayelimudu, ila ingemletea mtahini wa pili akae naye. Kazi kubwa ya somo ilikuwa kuandika programu ya kugawa kumbukumbu, kisha kuitetea kwa mdomo mbele ya meza. Sharti lilijulikana: usiyeweza kueleza mstari uliouandika, mstari huo si wako.

Juni 2011 kijana aliingia maabara na kazi iliyofanya kazi bila dosari. Mtahini wa pili ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Shangazi aliuliza maswali mepesi, akajibiwa. Kisha akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Mstari huu unafanya nini?"

Kijana akautazama. "Unaunganisha nafasi mbili zilizo wazi."

"Zipi?"

"Hii na... iliyo jirani yake."

"Jirani wa mbele au wa nyuma? Umejuaje kwamba jirani yuko wazi?"

Dirishani vilipita viatu, vikapita vingine. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Sehemu hii nilipewa na rafiki yangu."

Walipobaki wawili, mtahini wa pili alisema wangeweza kumpa alama za sehemu nyingine, zinatosha kumvusha. "Mwalimu mwenzangu, huyu ni mwanao."

"Ndiyo maana," alijibu Shangazi, akaandika sifuri, kama alivyokuwa amewaandikia wengine kabla yake.

Mume wake hakumlaumu wala hakumsifu. Kijana alimwambia mara moja tu, mlangoni, begi likiwa begani: "Ungeniuliza nyumbani, mama. Ungeniuliza hapa mezani kabla."

"Nyumbani mimi ni mama yako," alisema. "Pale nilikuwa mwalimu wa watoto wa watu."

Jioni ile nilimkuta akipiga pasi shati la kijana. Alilimaliza, akalikunja, akalikunjua, akalipiga pasi tena.

Kijana aliacha chuo. Akaajiriwa na kampuni ya kufunga na kutengeneza lifti, akaanza kwa kubeba kamba za chuma na kupaka grisi. Alikaa miezi kadhaa akiishi bado pale nyumbani bila kumsemesha mama yake. Akitaka chumvi alimwomba baba yake, hata kama chumvi iko mbele ya mama. Shangazi alimsogezea mumewe, mumewe akamsogezea kijana, na mfamasia akawa anakula kidogo sana kwa sababu ya kazi hiyo. Baadaye kijana alipanga chumba karibu na karakana, na nyumba ikawa kimya kwa namna nyingine. Shangazi aliendelea kufundisha. Katika kikao cha kitivo cha mwaka 2012, mkuu mpya alipendekeza somo lifutwe kwa kuwa kompyuta za sasa zinajisafishia kumbukumbu zenyewe. Shangazi alisimama akasema, "Hata mwenye nyumba aliyeajiri mtu wa usafi anapaswa kujua choo kiko wapi." Kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba kulikuwa na kicheko, na kwamba somo liliendelea.

Mwaka 2013 lifti ya hospitali moja ya ghorofa saba ilianza kusimama ovyo. Ilikuwa ikifanya kazi vizuri kwa muda, kisha inaganda na watu ndani, na wagonjwa wakawa wanabebwa kwa ngazi. Mama mmoja alikaribia kujifungulia kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Mafundi walibadilisha mota, wakabadilisha kamba, wakabadilisha hata ubao wa umeme. Ukiizima na kuiwasha inapona, halafu baadaye inarudia yale yale. Kampuni ilikuwa karibu kuikatia tamaa kazi ile, na kijana ndiye aliyekuwa amekabidhiwa lifti hiyo.

Alipiga simu siku ya Jumamosi, asubuhi. Simu ya Shangazi ilikuwa mezani na mikono yake ilikuwa na unga, kwa hiyo niliibonyeza mimi na sauti ikatoka ikasikika jikoni kote.

"Shikamoo, mama."

Miaka miwili ilikuwa imepita. Shangazi alifuta mikono, polepole.

"Marahaba."

"Nina swali la kazi."

"Uliza."

"Lifti inakufa. Ukiizima ukaiwasha, inafufuka."

"Inakufa ikiwa imefanya nini?"

"Sijui. Haina siku maalumu. Ila wakati wa sikukuu, watu wakiwa wachache, inakaa muda mrefu haijafa."

"Kwa hiyo haihesabu siku."

Kijana akafikiri. "Inahesabu watu."

"Mtu akibonyeza kitufe, inachukua nini?"

"Inachukua nafasi kidogo kwenye kumbukumbu, inaweka ombi lake. Ikimfikia inafuta. Nimesoma programu yake, inafuta. Nimeona mstari wenyewe."

"Ikimfikia," alisema Shangazi.

Nikadhani simu imekatika. Nilitaka kusema jambo, akanizuia kwa mkono.

"Na asipokuwepo?" kijana alisema mwishowe, kama anayejiuliza mwenyewe. "Mtu amebonyeza, amechoka kusubiri, amepanda ngazi. Lifti inafika, mlango unafunguka, haingii mtu... Ngoja. Ngoja, mama, nikaangalie." Akakata simu bila kuaga.

Ilikuwa kweli. Programu ilifuta ombi pale tu mtu alipoingia; maombi ya watu waliokwisha kwenda zao hayakufutwa kamwe, yalirundikana mpaka mashine ikakosa pa kuweka ombi jipya. Kijana aliandika marekebisho, waliotengeneza kidhibiti, ile kompyuta ndogo inayoiongoza lifti, wakayapitia na kuyakubali, na lifti ile ikaacha kusimama.

Jumapili ya wiki iliyofuata alikuja kula. Mama na mwana walizungumza habari za lifti mpaka mfamasia akasinzia kwenye kiti. Alipokuwa anavaa viatu kijana akasema, "Nataka kurudi kulimaliza lile somo."

"Nalifundisha mimi."

"Najua."

"Mtafute mkuu wa idara. Siku hizi kuna anayeweza kukutahini badala yangu."

"Sitaki mwingine."

Alirudi mwaka 2014, akakaa kiti cha mbele, akapata alama sitini na moja. Alitaka kujua thelathini na tisa zilikwenda wapi, akaonyeshwa moja baada ya nyingine. Alihitimu mwaka 2015, akarudi kwenye lifti, safari hii kama mhandisi.

Figo za Shangazi zilianza kudhoofika mwaka 2016. Aliwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, akawa anakwenda na kazi za wanafunzi na kuzisahihisha kwa mkono uliokuwa huru. Wauguzi wanasema alikuwa mgonjwa mwepesi, isipokuwa pale alipotaka kufahamishwa kila taa ya ile mashine ina maana gani.

Vipimo vya mwaka uliofuata vilionyesha kwamba kijana wake anaweza kumpa figo moja. Shangazi akakataa. Alisema kijana ana watoto wadogo, na habari hiyo imeisha. Haikuisha. Kijana alikwenda kwake jioni moja akiwa bado na nguo za kazi, na wote tulikuwepo.

"Kwa nini hutaki?"

"Kwa sababu ni yako."

"Ingekuwa ya mtu mwingine nisingeweza kuitoa."

Shangazi akamwangalia. Kisha akafanya kile alichokijua. "Haya. Watakata wapi?"

Kijana akaonyesha kwenye mwili wake mwenyewe, mshipa kwa mshipa.

"Na wewe utabaki na moja. Ikiugua?"

Akaeleza hilo nalo, na uwezekano wake, bila kupunguza. Alikuwa amekaa na daktari mpasuaji mara nyingi, akauliza mpaka daktari akacheka.

"Yangu mpya itakaa wapi? Mahali pa zile za zamani?"

"Hapana. Za zamani hawazitoi. Mpya wanaiweka mbele, chini, upande wa kulia."

"Hawazitoi?"

"Hawazitoi, mama."

"Kwa hiyo nitakuwa na tatu, mbili hazina kazi, na zinaendelea kukalia nafasi." Akatikisa kichwa. "Hao madaktari ningewakata alama."

Tulicheka sote, mfamasia akacheka hadi akatoka nje. Shangazi alikubali siku ile. Aliniambia baadaye kwamba kutoa hakukuwahi kumshinda, lakini kupokea kulimchukua nusu ya nguvu zake. Upasuaji ulifanyika tarehe 6 Machi 2018, ukafanikiwa. Alistaafu rasmi mwaka 2019, akaendelea kufundisha kwa mkataba hadi mwaka 2022, na katika miaka hiyo alipata kuwafundisha wajukuu wake kuhesabu, kwa mwendo wake.

Mwanzoni mwa mwezi huu alishikwa na homa ya mapafu. Dawa za kulinda figo huacha mwili na kinga ndogo, na madaktari walifanya yote waliyoweza. Tunawashukuru wao na wauguzi wa wodi ile. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, mumewe na bintiye walikuwa wametoka kwenda kunywa chai. Alimwambia kijana wake aende kazini, lifti za watu zinamsubiri. Kijana akasema haendi. Mama yake alimwangalia muda mrefu, kama alivyozoea kuwaangalia watu waliokuwa hawajamaliza kufikiri.

"Kaa, basi," alisema.

Alifariki kabla ya adhuhuri, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, mumewe na bintiye wakiwa wamerejea, na mkono wake ukiwa katika mikono ya wote watatu.

Marehemu ameacha mume, mfamasia mstaafu; mtoto wa kiume, mhandisi wa lifti, mwenye figo moja na afya njema; mtoto wa kike, mwalimu wa chekechea; mimi, muuguzi, niliyemwita Shangazi na kulelewa kama binti; wajukuu watatu; mdogo wake mmoja, asiyetaka kuvua miwani; na wanafunzi wa miaka thelathini, ambao nimewaona wamejaa hadi nje ya uzio.

Shangazi, lala. Amani ikukalie.